Mwalimu Aliyeuliza Akangoja

Naanza na malalamiko, salamu zitafuata. Najua ndivyo sivyo, lakini aliyeanza kukosa adabu si mimi.

Juzi kwenye harusi ya jirani yangu hapa Ukunda, kijana mmoja alishika kipaza sauti akawachekesha wageni kwa kisa cha wazee wa zamani. Eti tuliwekewa televisheni kijijini, na mtangazaji aliposema habari za jioni, ukumbi mzima ukaitikia "Njema." Eti tulidhani yule bwana anatusikia. Mlicheka, nyinyi mnaosoma hapa, msikatae, niliwaona. Mmoja wenu alicheka hata soda ikamtoka puani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na sinia la pilau, mahali nilipopachagua mapema kwa akili zangu, na nililiacha sinia lile nusu. Wanaonijua watawaambia hilo si jambo dogo.

Kisa hicho ni cha kijiji chetu. Aliyeiwasha hiyo televisheni ni mimi, aliyeizima ni mimi, na katikati niliiangalia kuliko nilivyomwangalia mke wangu, jambo ambalo mwenyewe alilitaja mara nyingi. Sasa nimestaafu. Macho yamechoka, ulimi bado. Salaam alaikum, wanangu. Itikieni, kisha tuendelee.

Miaka ile uhuru ulikuwa bado mpya, watu wakiutaja kama mtoto anavyoitaja nguo ya Idi. Televisheni hazikuwamo majumbani. Chache ziligawanywa kwenye kumbi za vijiji, ili watu wazima wajifunze kusoma, wakulima walime vizuri na watoto waione dunia. Yetu ililetwa kwa gari la wazi, imevikwa magodoro kama bibi harusi anayeogopa jua, na ukumbi wenyewe ulikuwa haujatiwa mlango. Wakatafuta mtu wa kuitunza. Mimi ni mzaliwa wa Jego, lakini ujana wangu niliumalizia Likoni kwa Fundi Nassoro, aliyekuwa akitengeneza redio, pasi na chochote kilichokuwa na waya. Basi wakaniita.

Fundi Nassoro alikuwa hapendi maneno mengi. Ukimletea redio iliyokufa, aliinusa kwanza. Alisema chumvi ya bahari ina harufu yake na waya ulioungua una harufu yake, na mtu anayefungua skrubu kabla ya kunusa anataka kazi, hataki dawa. Tena alinifundisha: "Usimuulize mwenye chombo kimeharibikaje, atakudanganya. Muulize nani aliyekigusa mwisho. Atakutajia adui yake, na hapo utakuwa umeshajua kwamba ni yeye mwenyewe." Nimeijaribu kanuni hiyo kwa redio, kwa jenereta na kwa wajukuu, haijanitupa bado.

Kosa langu la kwanza nililifanya na mlingoti wa kunasia picha. Nikaona mnazi mrefu nyuma ya ukumbi, nikasema Mungu ametuwekea nguzo tayari. Nikakwea, nikafunga vipokezi, nikashuka najisifu. Jioni upepo ukaanza, na picha ikawa inakwenda na kurudi. Msoma habari akawa anapepesuka, na watu wazima waliokaa kwenye mabenchi wakawa wanapepesuka naye. Siku ya pili mkwezi wa nazi akapanda, akakuta waya katika njia yake, akaukata kwa panga na kunitupia chini pamoja na madafu mawili ya kunipa pole. Fundi Nassoro alipokuja kuona hakucheka. Alisema tu, "Umeifunga televisheni kwenye ngoma." Tukachimba shimo, tukasimika mti wa mvinje, mrefu, mnyoofu, haunengui. Mpaka leo nikiona mtu amefunga dishi lake kwenye mti ulio hai, roho hunikereketa.

Sasa niwaambie juu ya vipindi, maana ndivyo mlivyoulizia, na mtu asije akasema mzee amepotea njia.

Kulikuwa na kipindi cha watoto, chenye kuku wa kitambaa na mbuzi wa kitambaa waliokuwa wakihesabu pamoja. Watoto walijaa mpaka madirishani, wakihesabu kwa sauti ya kupasua paa. Mama zao walisimama nyuma wakijifanya wamekuja kuwachunga, midomo ikitembea. Bibi mmoja alikuwa na ugomvi na yule kuku. Kila wiki: "Kuku gani huyu, anaatamia huku anaimba? Mayai yataanguliwa saa ngapi?" Lakini alikuja kila wiki kumsema, na ukichelewa kuwasha, yeye ndiye wa kwanza kukufokea.

Kulikuwa na kipindi cha wakulima. Hicho nilikipenda na kilinitia hasira, vyote viwili. Bwana shamba alivaa mabuti ya mpira, akasimama katikati ya majani chai, akatueleza jinsi ya kuyachuma na jinsi ya kuyakinga na baridi kali. Baridi, wanangu. Sisi tumekaa pwani tumevua mashati. Mzee Mwinyi, aliyekuwa na minazi mingi kuliko mtu yeyote upande ule, aliinua mkono.

"Rama, muulize habari ya mnazi."

"Mzee, hasikii."

"Najua hasikii. Nimejua tangu alipoanza na chai."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya ukumbi wetu. Yule kijana wa kipaza sauti angekuwepo, angecheka mahali pasipo na mzaha na kukaa kimya mahali penye mzaha.

Na kulikuwa na Alhamisi. Baada ya sala ya alasiri kilikuja kipindi cha kisomo cha watu wazima, na mwalimu wake alikuwa mwanamke mnene wa wastani, kitambaa kichwani, fimbo ndogo mkononi, ubao nyuma yake. Jina lake tulilijua lakini hatukulitumia. Kwetu alikuwa Bi Alhamisi. Mwalimu wetu wa kisomo wa damu na nyama alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine, kwa hiyo Bi Alhamisi ndiye tuliyekuwa naye.

Ufundi wake ulikuwa huu. Aliandika neno ubaoni, akaligusa kwa fimbo, akauliza, "Hapa pameandikwa nini?" Kisha akaishusha fimbo, akakunja mikono, akakutazama machoni, akangoja. Hakuwa amesahau maneno. Alipangiwa angoje, kwa sababu waliotengeneza kipindi walijua kuna watu upande wa pili wanaotakiwa kufungua midomo. Baada ya kungoja, alisema, "Vizuri sana," kisha akalisoma neno mwenyewe. Sasa niambieni. Mtu mzima amekuuliza jambo, amenyamaza, amekutazama. Unafanyaje? Unamkodolea macho kama papa aliyeanikwa juani?

Sisi tulijibu. Ukumbi mzima. Na aliyejibu kuliko wote alikuwa Bi Mishi.

Bi Mishi alikuwa mkunga. Wanangu wa kuzaa wote wamepokewa na mikono yake, na kama mna wazazi waliozaliwa kati ya Ukunda na pwani miaka ile, huenda na wao pia, kwa hiyo kaeni vizuri. Sauti yake ilikuwa sauti ya kazi. Mwanamke akiwa katika uchungu hanong'onezewi, na Bi Mishi alikuwa amesahau jinsi ya kunong'ona. Bi Alhamisi alipouliza, Bi Mishi alijibu hata mbuzi wa nje wakanyanyua vichwa. Akikosea, alikosea kwa sauti ile ile.

Siku moja alisema "kikombe" pahali pa "kijiko," na Bi Alhamisi, kama kawaida yake, akasema, "Vizuri sana." Mzee Mwinyi akageuka.

"Mbona anamsifu? Mishi amekosea."

"Amenisifu mimi niliyejibu," akasema Bi Mishi. "Wewe uliyenyamaza amekuambia nini?"

Lakini kwake haikuwa mchezo. Sista wa zahanati alikuwa amewaita wakunga wote wa vijiji akawaambia kwamba sasa watapewa dawa na vifaa vya kufanyia kazi, ila mkunga asiyeweza kusoma kibandiko cha chupa hatashika chupa, na asiyeshika chupa hatazalisha tena kwa idhini. Kila mmoja ataitwa, ataonyeshwa chupa, atasoma. Sista hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona mtoto aliyenyweshwa dawa ya kupaka. Lakini kwa Bi Mishi maana yake ilikuwa moja: asome, au ile kazi aliyoifanya tangu nywele zikiwa nyeusi iishe, na mabinti aliowazalisha wapelekwe kwa mtu mwingine. Akapewa muda mpaka mwisho wa mvua za masika. Kila Alhamisi alikaa mkeka wa mbele, na akitoka alikuwa akisoma chochote kilicho njiani, gunia la saruji, debe la mafuta, mgongo wa lori.

Ndipo akaja afisa.

Alitumwa kukagua kama televisheni za vijijini zinafanya kazi iliyokusudiwa. Alikuja na viatu vya kung'aa, akapewa kiti cha mbele, akapewa dafu. Bi Alhamisi akaandika "maji," akauliza, akangoja. Ukumbi ukajibu "Maji!" kwa pumzi moja, na yule bwana akashtuka hata dafu likamwagikia suruali. Kisha akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, akijifuta. Kipindi kilipokwisha, Bi Alhamisi akasema kwaherini, na watu wakasema kwaheri ya kuonana, kama walivyosema kila wiki. Akacheka tena.

Akanivuta pembeni. "Hawa watu wako wanajua kwamba ile ni picha?"

Kabla sijajibu, Bi Mishi alikuwa ameshafika. Nimewaambia habari ya sauti yake. Masikio yake nayo yalikuwa hivyo hivyo.

"Tunajua ni picha, mwanangu. Lakini picha imeuliza. Na imeaga. Ungetaka nikae nimekunja midomo?"

"Mama, haiwezi kukusikia."

"Wewe unanisikia na hujaniamkia tangu ulipofika."

Hapo kicheko kilimwisha. Akasema shikamoo ya kulazimishwa, akaingia garini. Baadaye tukapata habari zake kupitia gari jingine, lile lililokuja kuchukua televisheni. Dereva alitueleza alichoelezwa, kwamba wenyeji hawajakielewa chombo, wanazungumza nacho, na kwa kuwa ni chombo cha gharama kitaazimwa kwa muda hoteli moja ya Diani yenye umeme wa kuaminika. Jina la hoteli naliweka moyoni, ilishabadilisha wenyewe mara kadha na walioko leo hawana makosa. Lakini ule uamuzi sijausamehe. Tulinyang'anywa mwalimu kwa kosa la kumjibu mwalimu. Kama tungekaa kimya tumetoa macho, angeandika kwamba wanakijiji wana usikivu mkubwa.

Waliibeba bila magodoro. Mti wa mvinje wakauacha umesimama, hauna kazi.

Hotelini haikuonyesha kitu. Picha ilikuwa inanyesha, ndivyo tulivyokuwa tukisema, vidoa vyeupe kioo kizima kama mvua ya mawe. Walikuwa wameweka vipokezi juu ya paa la makuti vikaelekea baharini, pengine wakitarajia kupata Bara Hindi. Wakaniita. Sikukimbilia. Nimewahi kuuza samaki Likoni, na ukimkimbilia mnunuzi umeshapunguza bei kabla hajafungua kinywa. Walipotuma mtu mara ya pili, nikaoga, nikavaa kofia yangu nzuri, nikaenda.

Aliyenipokea alikuwa meneja mdogo, kijana wa bara, mwepesi, tai imembana. Tukaanza.

"Unaweza kuitengeneza?"

"Naweza."

"Unataka nini?"

"Mshahara wa mtu anayeweza. Na Alhamisi."

"Alhamisi upumzike?"

"Alhamisi kina mama wa kijiji waje wasome. Kipindi kimoja, kisha waende zao. Mvua hizi wageni wenyewe mnao wachache, na saa hiyo wako kwenye maji."

"Kina mama wangapi?"

"Ishirini."

Walikuwa kumi na mmoja. Nilikuwa nimewahesabu, kisha nikawahesabu tena.

"Ishirini haiwezekani. Kumi."

"Kumi na watano."

"Kumi, nimesema."

"Basi kumi na mmoja, na jenereta yenu ya akiba nitaiangalia bila kudai. Inanuka waya."

Akafikiri. Nadhani alijiona ameshinda, na mimi nilimwachia raha hiyo. "Haya, kumi na mmoja. Lakini wapite mlango wa jikoni, na wasipige kelele. Sauti moja nikiisikia, basi."

Nikarudi kijijini na masharti yangu mawili. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye ukumbi uliobaki mtupu. Nikawaeleza la jikoni kwanza.

"Wanaopita jikoni ni samaki," akasema Bi Mishi.

"Bi Mishi, ni mlango tu."

"Mimi nimeingia nyumba zote za upande huu kwa mlango wa mbele, tena nikifunguliwa kwa kupapatikiwa. Kamwambie kijana wako."

Nikarudi Diani, nikabishana nusu ya siku. Nilimwambia meneja mdogo kwamba jikoni kuna sakafu yenye maji, mama mmoja akiteleza akavunjika, ni nani atakayembeba mpaka kwake na kukabiliana na wanawe? Mwishowe akakubali mlango wa mbele, ila lile la kimya akalikaza maradufu. Kina mama wakalipokea. Walijua wanachokitoa, hakuna aliyedanganywa. Bi Mishi alisema, "Mdomo nitaufunga. Mlango wa nyuma siingii." Tukabadilishana mdomo na mlango. Wakati ule bei ilionekana ya haki.

Alhamisi ya kwanza waliingia wamejipanga, leso zimepigwa pasi, viatu mkononi kwa heshima ya sakafu, mikeka yao wenyewe kwapani. Walitandika mbele ya viti vya mianzi. Wageni wawili watatu waliokuwepo, wekundu kama kamba waliochemshwa, wakawatazama. Nikawasha. Bi Alhamisi akaja, kitambaa kile kile, fimbo ile ile. Akaandika, akagusa, akauliza, "Hapa pameandikwa nini?" Akaishusha fimbo. Akakunja mikono. Akangoja.

Kimya.

Nilikuwa nimesimama kando ya chombo na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Midomo kumi na mmoja ikitikisika bila sauti. Mwalimu anawatazama, wao wanamtazama. "Vizuri sana," akasema. Akasifu kimya kile.

Mimi nimesikia mambo mengi ya kuudhi katika kazi hii, lakini hilo ndilo lililonikaa rohoni. Wiki baada ya wiki ilikuwa hivyo. Njiani kurudi wakibishana lilikuwa neno gani, huyu anasema hivi, yule vile, na Bi Mishi akazidi kununa. Aliniambia, "Rama, neno nisipolisikia linatoka kinywani mwangu halikai. Naondoka nalo hapa, nikifika kwenye minazi limeshaniacha." Alikuwa amerudi nyuma. Gunia la saruji alilokuwa akilisoma vizuri kabla ya televisheni kuhamishwa, sasa alisimama mbele yake anahema.

Kisha akaja mtoto. Msichana mdogo wa wageni, nywele zinatiririka maji ya bwawa. Alitoka huko, akaja kukaa kwenye mkeka wa Bi Mishi kama aliyealikwa. Bi Alhamisi akasoma, "Chupa." Mtoto akarudia kwa nguvu zake zote, "Chupa!" Hakuna aliyemnyamazisha. Mhudumu akatabasamu, baba yake akapiga makofi. Likaja neno lingine, mwalimu akauliza, akangoja, na mtoto ambaye hakuwa na neno jingine la Kiswahili akapaza sauti, "Chupa!"

Ilikuwa "kijiko." Bi Mishi alivumilia kiasi cha kumeza mate.

"Si chupa, mwanangu. Kijiko."

Na wale wengine kumi nyuma yake, kama jenereta iliyopata mafuta: "Kijiko!"

Meneja mdogo alitokea mbio. "Rama, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana wasipige kelele. Hawa hawapigi kelele. Wanamsahihisha mgeni wako."

Mama wa mtoto akasema jambo kwa Kiingereza, akicheka, mkono kifuani. Uso wa meneja ukabadilika pale pale. Akanigeukia. "Mgeni amefurahi. Wanaweza kujibu. Lakini mtoto akiwapo tu."

Mmesikia hilo? Mtoto akiwapo. Wanawake wazima waliolea kijiji, ruhusa yao ya kufungua vinywa ikawa imekaa juu ya mkeka na chupi ya kuogelea. Basi mimi, mtunza televisheni mwenye kofia nzuri, nikawa kila Alhamisi natembea mpaka kwenye bwawa nikiwauliza wageni kama wana mtoto anayependa kutazama televisheni, aje na mama yake, akae na kina mama. Wengine walikubali, na Bi Mishi akawapa kashata. Nilipata siku moja mtoto aliyelala muda wote. Nilimwambia meneja kwamba mkataba haukusema awe macho. Akakubali, kwa sababu alikuwa mtu wa haki kwa kiwango chake, na hicho ndicho kiwango.

Mpaka ikafika Alhamisi ya mwisho kabla ya Bi Mishi kuitwa zahanati. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Nilizunguka bwawa, nilizunguka varanda, nikawahesabu wageni, kisha nikawahesabu tena. Wazee watupu, hakuna hata mmoja aliyeweza kuitwa mtoto ingawa mmoja nilimfikiria. Meneja mdogo alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma. Alijua ninachotafuta.

"Leo kimya, Rama," akasema.

Nikamwambia Bi Mishi. Akaitikia kwa kichwa, akatandika mkeka wake.

Siku ile Bi Alhamisi alifundisha maneno ya afya. Aliandika mstari mzima, mrefu kuliko yote aliyowahi kuandika: vijiko viwili asubuhi na jioni. Akaupitishia fimbo. Akauliza, "Hapa pameandikwa nini?" Akakunja mikono, akatazama.

Bi Mishi akasimama. Sijui kwa nini alisimama, ukumbini kwetu alijibu amekaa. Alivuta leso begani, akamtazama yule mwanamke wa kioo kama mtu anavyomtazama mwenziwe, akasoma neno kwa neno kwa ile sauti ya chumba cha uzazi. Sahani za bati zililia jikoni. Mgeni mmoja mzee aliamka. Na Bi Alhamisi akasema, "Vizuri sana."

"Basi," akasema meneja mdogo kutoka mlangoni. "Imekwisha. Watoke."

Wakakunja mikeka. Hakuna aliyemjibu, na huo ndio ulikuwa ukimya wa kwanza walioutoa kwa hiari yao tangu waingie hoteli ile. Wakatoka kwa mlango wa mbele, mmoja mmoja, viatu wakavalia ndani. Kina mama wa kijiji chetu hawakurudi tena pale, na mimi mwezi haukuisha nikaacha ile kazi. Wakaniita mara tatu picha ilipoanza kunyesha. Nilikuwa na shughuli.

Zahanati nilimsindikiza mwenyewe. Benchi la nje lilijaa wagonjwa na wakunga wa vijiji, mpaka watu wa Waa, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Bi Mishi akaitwa. Sista akatoa chupa kabatini, akaiweka mezani, akaigeuza kibandiko kikamtazama.

"Hapa pameandikwa nini, mama?"

Kisha Sista akaiacha chupa, akakunja mikono, akamtazama Bi Mishi, akangoja.

Niliuona mgongo wa Bi Mishi ukinyooka. Akasoma yote, jina la dawa kwa kulikanyaga polepole, kisha kipimo, kisha tikisa kabla ya kutumia, kisha weka mbali na watoto, kwa sauti iliyotoka mlangoni, ikapita benchi lote, ikafika barabarani ambako mwenye baiskeli alisimama kuangalia nani anaitwa. Mtoto mgonjwa aliyekuwa akilia akanyamaza.

Sista aliweka mkono sikioni. "Umesoma vizuri, mama. Lakini mimi niko hapa karibu. Hukuhitaji kupiga kelele hivyo."

"Mwanangu," akasema Bi Mishi, akiichukua chupa, "umeniuliza, au hukuniuliza?"